Kumrudisha Bi. Mkubwa Chole

Utende, Mafia
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Tusekile,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na kikohozi cha mvua za huko kimekuachia. Mama mdogo anaendeleaje na macho yake? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa salama? Mimi huku sijambo. Homa imenikimbia tangu mwezi uliopita, na samaki ninakula kila siku mpaka nimeanza kuota mbalaga zako, zile ndizi za maziwa ya mgando. Usicheke, njaa ya chakula cha nyumbani si njaa ya tumbo.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye mstari wa mwisho: "Atupele, lichome moto hilo dudu, la sivyo mimi likizo ya Desemba sikanyagi huko." Nimekusikia, dada. Lakini sikumchoma, na sikumtupa. Kabla hujaichana karatasi hii, vuta kigoda chako ukae karibu na moto unisikilize mpaka mwisho, maana nina la kuungama humu na wewe ndiye wa kwanza kuliandikiwa.

Kwanza, si dudu. Mdudu ana miguu sita, huyu ana minane. Ni buibui, wale wakubwa wanaochimba mashimo ardhini, ambao vitabu vya wataalamu huwaita tarantula. Akijitandaza anafunika kiganja changu chote, na mwili mzima ni manyoya yenye rangi ya kutu. Anauma, hilo sikatai, na wanasema maumivu yake unaita jina la mama yako, ila haui mtu. Nilikwisha kukuandikia kwamba ninamfuga. Sikukuandikia nilimpataje, na sababu ya kunyamaza ni aibu.

Miaka miwili iliyopita niliwavusha watoto wa darasa la sita kwenda Chole. Ni kisiwa kidogo hapo mbele yetu, ng'ambo ya ghuba, ukipanda mashua hapa Utende humalizi hata kumenya chungwa umefika. Tulikwenda kuwatazama popo wakubwa wanaoning'inia mitini kule. Njiani tukapita shambani kwa Mzee Hamisi, mvuvi wa makamo ya baba yetu angekuwa hai, ambaye siku asizokwenda baharini analima mihogo na migomba. Alikuwa anachimba shimo la kupandia mgomba. Jembe likainua bonge la udongo, na juu ya bonge, huyo buibui amesimama, ameinua miguu ya mbele, anatuonyesha meno. Watoto wakapiga kelele na kutawanyika. Na mimi, mwalimu wao wa sayansi, nikavua kiatu.

Mzee Hamisi akanishika mkono. "Usifanye hivyo, mwalimu. Buibui hauawi. Buibui ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni."

Wewe unajua mimi nimekulia kwenye nyumba gani. Kwetu buibui ni ufagio tu. Nikavaa kiatu changu. Kisha, kwa kuwa wale watoto walikuwa wamerudi taratibu na macho yamewatoka, nikamwomba mzee nimchukue buibui nikawafundishie darasani, wamhesabu miguu na macho kwa karibu. Akafikiri kidogo. Akawatazama watoto, akamtazama na kiumbe mwenyewe.

"Mchukue," akasema. "Lakini hiyo ni amana, mwalimu. Watoto wakishamwona, umrudishe hapa hapa, mzima kama nilivyokupa."

Nikamjibu, "Haya, mzee, nitamrudisha," kama mtu anavyojibu akiambiwa karibu tena. Nilidhani ni yale maneno matamu ya watu wa pwani, wanaokukaribisha chakula hata kama sufuria imeshaoshwa. Sikujua kwamba mtu wa huku akikwambia amana, amekukabidhi kitu ambacho wewe na yeye mtaulizwa mbele ya Mungu. Na hata kama sikujua, dada, wewe ulitulea vipi? Chekeche la jirani likilala kwetu usiku mmoja tulikuwa tunachapwa. Kwa hiyo udhuru wa ugeni siutumii. Wiki ilipita, muhula ukapita, na mimi nikawa nimenogewa.

Nilimpa ndoo kubwa ya plastiki inayoonyesha ndani, nikaijaza udongo nusu, nikatoboa kifuniko. Ndoo nikaiweka juu ya stuli chumbani kwangu, na kila mguu wa stuli nikautumbukiza kwenye kopo la maji ili sisimizi wasipande. Maji yake ya kunywa niliyatia kwenye kizibo cha soda. Panzi wawili kwa wiki, mara mojamoja mende. Kila Jumanne nilimbeba hadi darasani. Watoto wakampa jina la Bi. Mkubwa, kwa kuwa niliwaambia ni jike.

Nani aliniambia ni jike? Hakuna. Alikuwa mnene, mkali, hataki kuguswa nyumba yake, nikaona basi, huyu ni mwanamke. Nikasimama mbele ya ubao nikawaambia watoto wa watu kwamba jike la buibui huyu huishi miaka mingi sana, kwamba atawaona wakimaliza darasa la saba na atawasubiri wadogo zao. Na moyoni hiyo ndiyo iliyonipa kisingizio. Nilijiambia, ana miaka mingi mbele, nitamrudisha tu siku moja.

Sasa njoo kwenye mambo yenyewe. Mwezi wa nne mwishoni aliacha kula. Panzi anapita mbele yake, hamtazami. Tumbo likaanza kuwa jeusi. Alikuwa amejivua gamba mara mbili huko nyuma, lakini ndani ya shimo lake, na mimi niliona tu vipande vya ngozi alivyovisukuma nje. Safari hii hakuingia shimoni. Alitandika utando juu ya udongo, mweupe kama shuka. Jumamosi asubuhi nikasikia Bi. Kidawa ananiita.

Bi. Kidawa ndiye mwenye nyumba ninayopanga. Ni mjane, ana moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuwa ameingia kuniletea uji akamkuta buibui amelala chali, miguu yote juu.

"Innalillahi," akasema. "Mwanangu, Bi. Mkubwa katutoka. Lete kitambaa tumzike, huyu hatupwi jalalani."

Nami niliamini, dada. Mkono wangu ulishafika kwenye ndoo, kitambaa ninacho. Nikakumbuka kile kitabu chakavu alichoniachia mtafiti mmoja wa popo alipoondoka Chole: buibui akifa hukunja miguu chini ya tumbo kama mtu aliyefumba ngumi, halali chali. Anayelala chali anajivua gamba, na ukimgusa saa hiyo umemuua kweli. Nikaurudisha mkono wangu polepole. Nikamzuia na Bi. Kidawa, ambaye alikuwa tayari ameanza kumsomea.

Tukakaa naye mpaka adhuhuri. Ngozi ilipasuka ubavuni, kisha akawa anavuta miguu, mmoja mmoja, anapumzika, anavuta tena. Bi. Kidawa amezaa watoto saba, na kila buibui akivuta, yeye anasema, "Sukuma, mama, sukuma." Nilicheka mpaka machozi. Alipomaliza, palikuwa na buibui wawili ndani ya ndoo: mmoja mtupu, ngozi kamili na meno yake, na mwingine kando yake, amepauka, mlaini, anatetemeka.

Hapo nikafanya kosa jingine, na lilikuwa kosa la mapenzi. Siku ya pili nikaona amekonda, nikamtupia mende mnene. Meno ya buibui aliyejivua gamba huwa malaini kwa siku nyingi, hawezi kutafuna chochote, na ngozi yake ni kama ya mtoto mchanga. Badala ya buibui kumla mende, mende ndiye aliyemla buibui. Nilipochungulia alikuwa amekwisha kumtafuna ncha ya mguu wa nyuma wa kushoto. Nilimtoa yule mende nikamponda kwa hasira za kujikasirikia mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna chakula kilichoingia ndani mpaka zikatimia wiki mbili. Niliweka maji tu, na upande mmoja wa udongo nikaunyunyizia uwe na unyevu, na dirisha nikaliziba jua lisimpige.

Alipokauka na rangi kumrudia, nikaona simwelewi. Miguu ilikuwa mirefu, mwili mwembamba, tumbo dogo. Nilichukua kioo cha kukuzia cha shule nikamtazama kupitia ubavu wa ndoo. Vile vijimkono viwili vya mbele, karibu na mdomo, ambavyo zamani vilikuwa vimenyooka, sasa nchani vilikuwa na vifundo, kama bondia aliyevaa glavu. Na kwenye miguu ya kwanza, upande wa chini, palikuwa na vindoana viwili vidogo. Nikafungua kitabu. Nikalilowesha na lile gamba, nikalikunjua taratibu kwa sindano, nikatafuta kijifuko ambacho jike huwa nacho sehemu ya tumbo. Hapakuwa na kijifuko. Bi. Mkubwa alikuwa dume, alikuwa dume siku zote, na sasa alikuwa dume aliyekomaa.

Kitabu kikaniambia na yaliyobaki. Dume akishajivua gamba hilo la utu uzima, hajivui tena. Hali sana. Hatulii shimoni. Ana miezi michache tu ya kuishi, na ndani ya miezi hiyo ana kazi moja, kumtafuta jike. Kumbe ile miaka mingi niliyomhesabia haikuwapo, na miwili kati ya ile aliyokuwa nayo nilimfungia ndooni. Usiku nilikuwa namsikia anazunguka kwenye kuta za plastiki, anapanda, anateleza, anaanza upya. Nililia, dada. Sema unavyotaka kusema, nililia kwa ajili ya buibui.

Jumanne nilimbeba darasani nikawaambia watoto wa sasa, wadogo wa wale wa kwanza, ukweli: mwalimu wenu alisema bila kutazama. Ni dume. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, na yale mengine uliyotufundisha?" Nikamwambia yale mengine niliyatazama, lakini naye ayatazame. Hilo la darasani lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kisimani, kwa sababu Bi. Kidawa alikwisha kulipeleka huko: buibui wa mwalimu wa bara kafa na kafufuka, kalala mwanamke kaamka mwanamume. Kabla ya Ijumaa habari ilikwisha kuvuka ghuba.

Mimi niliamua. Unanijua nikiamua. Nilisema huyu atarudi Chole, kwenye ardhi alikotolewa, na atarudi angali na nguvu za kutembea. Jumamosi nikapanda mashua mikono mitupu, nikamtafute kwanza mwenye amana. Nyumbani kwake nikaambiwa ametoka, na kikohozi chake nakisikia ndani. Nikarudi. Jumamosi iliyofuata nikavuka tena, nikamkuta barazani anashona wavu. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikaeleza shida yangu. Akaendelea kushona.

"Nilikupa kiumbe wa siku mbili tatu," akasema mwisho. "Umekaa naye miaka miwili. Sasa kashakuwa jambo la kusemwa visimani, ndipo unamleta kwangu?"

"Nimekosa, mzee."

"Ngoja nimalize. Sisi tumeletewa hifadhi ya bahari. Tumeambiwa pale msivue, nyavu hizi acheni, kombe msiokote, tumbawe msiguse. Tumenung'unika, lakini tumefuata. Na wewe, mwalimu, ndiye unayewaimbisha wanetu nyimbo za kutunza viumbe. Mimi nikiokota kombe moja naulizwa. Wewe umemfungia mja wa Mungu ndani ya ndoo, nani amekuuliza?"

Mimi mwenye maneno, ambaye ulikuwa unaniambia nimemeza redio, nilikaa pale barazani nimeinama. Nikaondoka. Kwenye mashua nilijisemea, Atupele, mwachie tu ufukweni, nani atajua. Lakini ufukweni ni mchanga na kaa na kunguru, angekufa saa ile ile, na mimi ningekuwa nimepoteza amana mara mbili. Siku hizo alikuwa amebaki miguu tu. Buibui alikuwa hataki hata kumsogelea panzi. Kila nikiamka nilichungulia kwanza kama anapumua.

Ndipo Bi. Kidawa akanikalisha chini. "Wewe, mwanangu, mambo ya kuomba radhi huendi peke yako kama unadai karo. Unakwenda na mtu mzima. Na unakwenda na hicho kiumbe chenyewe, mzee aone." Akajifunga khanga mpya, akachukua na sahani ya vitumbua, na juzi Ijumaa baada ya sala tukavuka sote: yeye, mimi, na ndoo juu ya mapaja yangu. Ungewaona abiria, dada. Mashua ya watu kumi na wawili, wote wamejibana upande mmoja, nahodha anapiga kelele chombo kitapinduka, na mimi upande wa pili nimekaa kama bibi harusi.

Mzee Hamisi alimpokea Bi. Kidawa kwa heshima zote. Wakajuliana hali mpaka ikaisha, na vitumbua vikaliwa. Mimi sikuulizwa kitu. Mwisho Bi. Kidawa akasema, "Shemeji, mtoto amekosa, na mimi ni mtu mzima nilikuwamo ndani ya nyumba hiyo, kwa hiyo na mimi nimekosa. Tumekuja." Nikapiga magoti, nikafunua kitambaa. Kando ya ndoo nikaliweka lile gamba, nimeligandisha juu ya ubao mwembamba.

Nikamweleza yote. Sikuficha mguu uliotafunwa. Sikuficha kwamba niliwaambia watoto ni jike bila kujua. Akaliinua gamba, akaligeuza juani, akapitisha kidole pale lilipopasuka ubavuni. Kisha kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Hata kaa wa baharini ni hivyo hivyo," akasema. "Yeye na kamba mti, yule kamba mkubwa. Akitaka kuvua gamba anaacha kula, anajificha mwambani. Akitoka ni mlaini, hata samaki wa kidole anamla. Huyo humgusi wala humpi kitu, unamwacha akauke. Na dume lake na jike lake unawajua kwa kutazama chini ya tumbo. Mtoto wa miaka saba hapa Chole anajua." Akaliweka gamba chini. "Ungeniuliza."

Neno hilo moja, dada, lilinikaa kifuani kuliko yote aliyoyasema Jumamosi ile. Miaka miwili nasoma kitabu chenye nusu ya kurasa, na upande wa pili wa maji, mwendo wa kumenya chungwa, yupo mtu aliyekwisha kuyajua haya toka utotoni. Sikuwahi kumfikiria kuwa wa kuulizwa. Nilimwona mvuvi, nikamwona mzee wa kuamkiwa. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti. Akainuka akachukua bakora yake. "Haya. Tumpeleke. Hana siku nyingi huyu."

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na shamba lilikuwa na unyevu. Mgomba uliopandwa siku ile sasa una watoto watatu. Mzee akatupitisha ukingoni mwa mihogo, anainama, anatazama chini, anapita. Kwenye shimo la nne akasimama. Lilikuwa na ukubwa wa kizibo cha soda, na mdomo wake umezungushiwa utando mweupe, mpya. "Huyu bibi yumo," akasema. "Yumo miaka mingi. Nikilima huwa namzunguka."

Nikalaza ndoo. Hakutoka mara moja. Alisimama ukingoni akigusagusa majani, miguu saba mizima na mmoja mfupi, na mimi nikaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo, kwa maana ningemwomba nani mwingine. Kisha akatembea. Sikuwahi kumwona anatembea hatua zaidi ya tano kwa mstari ulionyooka, ndooni hapakuwa na nafasi. Alipogusa ule utando mdomoni mwa shimo akasimama ghafla, mwili mzima ukamtetemeka. Akainua vile vijimkono vyenye vifundo akapiga chini. Tap tap tap. Akangoja. Akapiga tena.

"Anabisha hodi," Bi. Kidawa akanong'ona, amenishika bega mpaka linauma. "Subhanallah. Ana adabu kuliko wapangaji."

Tulisubiri sote watatu, tumeinama juu ya shimo la buibui kama watu waliodondosha sindano. Akapiga mara ya tatu. Na kutoka ndani, dada, nakuapia, utando ulitikisika. Mara mbili, pole pole. Amejibiwa.

Mzee Hamisi akaugeukia upande wa bahari. "Tugeuke, mwalimu. Ya ndani hayo si yetu." Tukageuka, watatu, tumelipa shimo mgongo. Sijui alitoka au hakutoka. Kitabu kinasema wengi hawatoki, jike akiwa na njaa ndio basi. Nilipotaka kuchungulia, Bi. Kidawa alinifinya.

Basi, dada, usiniulize tena kama nimelitupa. Sikumtupa. Kwa hiyo njoo Desemba, nyumba haina buibui ila wale wadogo wa darini, na hao Bi. Kidawa hatakuruhusu uwaguse na ufagio, ujizuie. Na lile la kuomba uhamisho nirudi bara, ulilolisema katikati ya barua, jibu langu bado ni hapana. Nimeomba ruhusa muhula ujao niwapeleke watoto shambani kwa Mzee Hamisi awafundishe habari za kaa yeye mwenyewe, na mimi nikae chini pamoja nao na daftari. Siondoki kabla sijalijaza.

Nisalimie shemeji, mwambie soksi alizonitumia zinawashangaza watu wa huku lakini nazitunza. Msalimie mama mdogo, na mjomba wetu fundi seremala, na wanao wote wawili, yule mkubwa umwambie aachane na kuchezea betri. Shangazi wa kanisani, anayetupangia sauti za kwaya, naye mpe salamu zangu, mwambie huku tupo waimbaji sita na hakuna besi. Barua hii anaichukua mwalimu mwenzangu anayesafiri kesho alfajiri, ndiyo maana mwandiko unakimbia.

Nimalizie lililobaki. Tulipokuwa tunarudi kutoka shambani, Mzee Hamisi alitangulia, mimi nyuma yake na ndoo tupu. Tulipofika penye mashua nilidhani ataniaga kwa kichwa tu kama Jumamosi ile. Alisimama, akahamisha bakora mkono wa kushoto, akaninyooshea wa kulia mbele ya nahodha na abiria wote.

"Mwalimu," akasema, "amana yangu nimeipokea."



Mdogo wako uliyemlea,
Atupele